Sadaka Iliyokohoa

Mulei alikuwa ameshauza mayai manane, jogoo mmoja mwenye hasira na mkungu wa ndizi kutoka Kibwezi, ndipo boga moja likakohoa.

Usicheke. Hata wewe ungedhani ni boga. Sadaka za mavuno zilikuwa zimerundikwa mbele ya madhabahu ya Kanisa la Chemchemi ya Rehema, pale Sultan Hamud, mpaka zikafika kiunoni: maboga, magunia ya ndengu, mbaazi, miwa, viroba vya mtama. Mulei alikuwa na mwiko mkononi na debe tupu mbele yake, kwa maana kanisani kwao mnada haugongwi kwa nyundo, unagongwa kwa mwiko wa ugali juu ya debe. Alivuta kiroba kimoja pembeni, akasogeza boga, na hapo akamwona Mzee Nyamai ameketi sakafuni, miguu ameikunja, kofia ameivua na kuiweka juu ya goti.

“Mzee, umepotea?” Mulei akamnong’oneza. “Choo kiko nyuma.”

“Sijapotea. Mimi ni sadaka,” akasema Mzee Nyamai. “Endelea tu, zamu yangu itafika.”

Mulei akacheka kidogo, akingoja kuambiwa ni mzaha. Hakuambiwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, na jogoo aliyekwisha kuuzwa akamdonoa kifundo cha mguu.

Kama humjui Mulei, ngoja nikueleze. Ana duka la mabati na misumari karibu na reli, na kwa miaka kumi na minane ndiye mpiga mnada wa kanisa. Ulimi anao. Aliwahi kuuza yai moja kwa bei ya kuku, kisha akamuuzia mtu yuleyule ganda lake. Na hajawahi, sikia vizuri, hajawahi hata siku moja kukosa mnunuzi. Boga lililooza upande alilipatia mnunuzi. Jogoo kiguru alimuuza kwa kusema kwamba huyu angalau hatakimbia. Kiburi chake chote kilikuwa kwenye mwiko ule, na mimi simlaumu, kila mtu ana mahali pake pa kuringia.

Na Mzee Nyamai? Aliwapikia mafundi wa reli miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia. Mkewe alikufa, shamba la Migwani mpwa wake akaliuza bila kumwuliza, na kwa miaka sita mzee akawa analala kwenye baraza la posho mili ya Shemasi Ngure. Unga wa hapo ulimfanya aamke mweupe kila siku, lakini hakuna aliyemsumbua. Basi Jumatano iliyopita Ngure akalizungushia baraza lile grili ya vyuma, ati wateja wanalalamika. Vyuma aliuziwa na Mulei. Bawaba mbili Mulei alimwongezea bure, kwa sababu ni ndugu katika Bwana. Tangu siku hiyo mzee alikuwa akilala chini ya trela bovu kando ya barabara ya Mombasa, na kikohozi kilikuwa kimemwingia kifuani. Mwenye trela alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu analivuta. Ulikuwa mwezi wa tatu, na mvua ilikuwa imeshafika Emali, mji wa jirani. Jambo lenyewe ni hilo tu, na kila mtu mle kanisani alilijua: mzee hana pa kulala.

Usidhani kanisa halikuwa na huruma. Lilikuwa nayo, tena kwa ratiba. Kila Jumamosi saa saba mchana, Kikundi cha Huruma kilipika muthokoi wa mahindi na maharagwe, na chai ya maziwa, kwa watu kumi na watatu, Mzee Nyamai akiwemo, wanaolala kwenye mabaraza ya maduka na kwenye steji. Lakini kwanza somo. Pasta Kahiga, mtu mwema kutoka Murang’a, mwenye sauti ya kuita ng’ombe ng’ambo ya bonde, alifundisha somo lilelile miaka mitatu mfululizo.

“Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri!” alikuwa akisema, akizunguka sufuria. “Hakuna maskini asiye na cha kutoa. Ukikosa gunia, toa debe. Ukikosa debe, toa yai. Ukikosa yai, jitoe mwenyewe!”

Na wale kumi na watatu waliitikia Amen kwa nguvu zote, maana muthokoi ulikuwa unapoa. Pasta alidhani mwenye njaa hasikilizi. Wee! Mwenye njaa husikiliza kila neno, kwa sababu anangoja lile la mwisho.

Sasa Pasta alishuka mimbarani, Biblia kwapani, akainama mbele ya maboga.

“Mzee wangu,” akasema, “kujitoa ni jambo la kiroho.”

“Roho nimekuja nayo,” akajibu Mzee Nyamai. “Haina pengine pa kukaa.”

“Lakini hatuwezi kuuza mtu!”

“Hayo ungeyasema kabla sijakaa, Pasta. Magoti yangu hayakunjuki haraka.”

Pasta akageukia watu akiomba msaada kwa macho. Shemasi Ngure akasimama, akavuta koti, akasema jambo hili ni rahisi mno: mzee arudishwe kwenye kiti chake na mnada uendelee, watu wana mifugo ya kunywesha. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Nthenya alikuwepo.

“Nimesikia arudishwe?” Nthenya akasimama kwenye safu ya tatu, leso akaikaza kiunoni. “Basi na mbuzi wangu arudishwe.”

Kanisa zima likaguna. Kisa cha mbuzi wa Nthenya kila mtu alikijua na kila mtu alikuwa amechoka nacho. Miaka mitano nyuma alimtoa mbuzi siku ya mavuno, na kabla hajauzwa ikagundulika ana mimba. Nthenya akaomba amchukue, alete mwingine. Komiti ya kanisa ilikaa vikao vinne, ikanywa chai vikao vyote vinne, ikaandika kwenye kitabu: Kilichowekwa mbele za Bwana hakirudi, sharti kiuzwe. Mbuzi akanunuliwa na Pasta mwenyewe. Akazaa mapacha, mapacha wakazaa, na sasa ukoo ule ulikuwa umejaza boma la Pasta, na kila asubuhi Nthenya alipopita njiani aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina.

“Sheria ni sheria,” akasema Nthenya. “Mzee akirudi kwenye kiti, kesho mimi ninakuja na kamba. Wako kumi na mmoja. Ninawajua wote.”

Pasta Kahiga alifumba macho kidogo. Sijui alikuwa anaomba au anahesabu mbuzi. Alipoyafumbua alimtazama Mulei.

“Uza,” akasema kwa sauti ndogo.

Mulei akapangusa jasho. Akamshika mzee mkono, akampandisha juu ya benchi ili aonekane na wote, akagonga debe. Na ulimi ukaanza wenyewe, mazoea yana taabu.

“Bwana asifiwe!”

“Amen!”

“Nina mzee hapa! Mzee halisi, wa kabla ya lami! Meno saba, yote ya kwake! Hana siasa, hana kesi, hana simu ya kukuomba umtumie salio! Anajua kupika wali wa watu arobaini! Haumi, hapigi teke! Nani anaanza?”

Ajabu ni kwamba watu walianza. Ndivyo mnada ulivyo, ukisikia debe mkono unajiinua. Mwalimu wa kwaya akamtaka mzee wa kufukuza ndege kwenye mtama. Ngure, huyohuyo wa arudishwe, akasema kama ni hivyo basi atamchukua awe mlinzi wa lojing’i yake, akae mlangoni mpaka kuche. Mama mmoja wa kikundi cha maombi akasema anamhitaji sana, kwani wao wako tisa na fomu ya mkopo wa kaunti inataka watu kumi. Bei ikapanda, ikampita jogoo, ikapita gunia la ndengu. Mulei akanoga. Alikuwa ameanza kusahau anauza nini.

“Ngojeni kidogo,” akasema Mzee Nyamai kutoka juu ya benchi. “Kuna jambo halijaelezwa.”

“Sadaka haisemi, Mzee,” Mulei akamnong’oneza.

“Jogoo anasema tangu asubuhi na hujamnyamazisha.” Akawageukia watu. “Ndugu zangu, anayenunua boga hapa halipeleki likamchungie ng’ombe. Analipeleka nyumbani, ndani, jikoni. Mimi sikujitoa niwe mlinzi. Ningetaka kazi ningeomba kazi. Atakayeninunua atanipeleka kwake. Atanipa mahali pa kulala penye mlango unaofungwa kwa ndani. Nitakula wanapokula. Na asubuhi mtu mmoja ataniuliza nimeamkaje, halafu angoje jibu. Basi. Pesa zenu kaeni nazo, kanisa limeshapata za ndizi.”

Aiya! Bei ilianguka. Mnada unaorudi nyuma sikuwa nimewahi kuuona, lakini huu ulirudi. Mwalimu wa kwaya akasema ndege wenyewe mwaka huu si wengi. Yule mama wa maombi akasema amekumbuka kwamba wako kumi, alikuwa amesahau kujihesabu. Ngure akasimama kuondoa bei yake.

“Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe,” akasema. “Hata wahenga waliweka mpaka. Na mimi nina wageni wanaolipa.”

“Basi abaki humu kanisani,” akasema Nthenya. “Viti vya plastiki si vinalala humu ndani na kufuli juu?”

“Viti ni mali ya kanisa,” akasema Ngure. “Na kanisa si lojing’i.”

“Sasa kitu kikikosa mnunuzi kinafanywaje?” akauliza mtu wa nyuma.

Hakuna aliyejua, maana haikuwahi kutokea. Kitabu cha komiti kikafunuliwa, kikageuzwa, kikatikiswa hata, hakikuwa na neno. Ngure akatoa maoni kwamba kisichonunuliwa, kwa vyovyote vile, lazima kitolewe nje. Huko nje upepo wa mvua ulikuwa umeshaanza kupiga mabati.

Mulei akagonga debe. “Mara ya kwanza!”

Watu wakatazama viatu vyao.

“Mara ya pili!”

Watu wakaendelea kutazama viatu vyao, na vingine havikuwa na cha kutazamwa. Mulei akainua mwiko kwa mara ya tatu, akauzuia hewani.

“Gonga tu, kijana wangu,” akasema Mzee Nyamai, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. “Miaka hii yote nilijiambia, hawa watu hawajui tu mimi ninalala wapi. Wangejua, wangesema kitu. Leo wamejua. Gonga tushuke.”

Mulei aliona aibu. Na si aibu ya kukosa mnunuzi, hiyo angeimeza. Alikumbuka zile bawaba mbili alizotoa bure, jinsi alivyozipaka mafuta kwanza ili grili isipige kelele. Moyo ukamuuma kwelikweli.

“Mara ya pili na robo,” akasema.

Vichwa vikainuka.

“Mara ya pili na nusu. Mara ya pili na robo tatu. Mara ya pili na robo tatu na inchi moja.”

Alikuwa muuza mabati na vyuma, vipimo havikumwishia. Alienda inchi kwa inchi, kisha nusu inchi kwa nusu inchi. Saa nane ikawa saa tisa. Watoto walilala kwenye mabenchi. Jogoo akapasua kiroba na kuanza kula mtama wa Bwana, na hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyethubutu kutoka pia, kwa sababu sala ya kufunga haikuwa imesemwa, na wa kwanza kutoka angeonekana na wote.

“Mulei!” Pasta akashindwa kuvumilia. “Gonga, au mnunue wewe!”

“Mpiga mnada hanunui!” akajibu Mulei. “Ni sheria!”

Alijibu upesi mno, na yeye mwenyewe akajisikia. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kununua kitu pale mbele. Hata yai. Watu walisema Mulei anajituma, Mulei anatumika, na yeye alikubali. Kumbe katika mnada wa kanisa hakuna mahali pa salama kuliko nyuma ya mwiko. Unawasukuma wenzako wote watoe, na hakuna anayekuuliza wewe umetoa nini.

“Basi mtu mwingine aushike huu mwiko,” akasema.

Ndugu yangu, hapo ndipo ungeuona wito wa utumishi! Ngure alifika wa kwanza, mkono mbele. Mwalimu wa kwaya akaruka benchi zima na nguo zake ndefu. Yule mama wa maombi akapaza sauti kwamba wanawake hawajawahi kupewa nafasi katika mnada huu, na leo ndiyo siku. Hata Pasta Kahiga akasema labda mchungaji aonyeshe njia, akaushika mpini. Watu kumi na wanne waliung’ang’ania mwiko mmoja, kila mmoja yuko tayari kumuuza Mzee Nyamai kwa moyo wake wote, mradi asiwe yeye wa kumnunua. Debe lilipinduka, mtu akakalia mayai.

Mulei aliwatazama vizuri. Kisha akaupokonya mwiko, akalisimamisha debe, akapanda benchi na kuuweka ule mwiko mkononi mwa Mzee Nyamai.

“Jiuze mwenyewe, Mzee,” akasema. “Sisi tumeshindwa.”

Mzee akaupima uzito mkononi, maana alikuwa mpishi na mwiko alikuwa anaujua. Mulei akashuka, akasimama sakafuni na watu wengine, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Akamtafuta kwa macho mkewe, Syokau, aliyekuwa kwenye kwaya amekunja mikono. Syokau hakumsaidia. Alimtazama tu, vile anavyomtazama kila Mulei anapoahidi kurekebisha paa.

“Nina chumba cha uani,” akasema Mulei. “Kina magunia matatu ya saruji na baiskeli isiyo na gurudumu. Nitavitoa.”

“Mlango?” akauliza Mzee Nyamai.

“Upo.”

“Komeo liko upande gani?”

Chumba kilikuwa stoo. “Liko nje,” akasema. “Nitaligeuza leo, kabla ya mvua.”

“Chakula?”

“Tunapokula sisi.”

“Na asubuhi?”

Mulei akafungua mdomo, lakini Syokau akamtangulia.

“Asubuhi huyu hasemi na mtu mpaka anywe chai,” akasema, na sauti ya kwaya haihitaji spika. “Mimi mwenyewe sijaulizwa nimeamkaje tangu Wavinya wetu azaliwe, na Wavinya ameolewa. Baba, nitakuuliza mimi. Na wewe uniulize.”

Kanisa likaangua kicheko, kicheko cha watu waliofunguliwa kamba. Mulei naye akacheka, ingawa uso ulimwaka moto. Mambo yamekwisha, mtu amepatikana! Watu wakaanza kuokota mikoba, kuamsha watoto, kutafuta viatu. Ngure alikuwa ameshafika katikati ya kanisa akielekea mlangoni. Pasta akafumba macho na kuinua mikono kwa sala ya kufunga.

“Mara ya tatu,” akasema Mzee Nyamai, akagonga. “Nimenunuliwa.” Machozi yalimshuka mbele ya watu wote na hakuyafuta. “Ni muvea, asante, Mulei.” Akamgeukia Syokau. “Ni muvea muno, mwaitu, asante mama.”

Mulei akanyoosha mkono apokee mwiko. Mzee hakumpa. Alikuwa anatazama maboga.

Kanini, mwanamke anayeuza maji ya chupa barabarani na kulala nyuma ya steji, alikuwa ametoka benchi la mwisho na kuketi pale palipoachwa wazi na mzee, furushi la nguo zake mapajani. Nyuma yake wakaja wengine wa Jumamosi, polepole, wakijibana kati ya magunia ya ndengu na kuombana radhi kwa kukanyagana. Pamoja naye walikuwa kumi na wawili. Kila mmoja alikaa na kungoja zamu yake.

Mzee Nyamai akapangusa mwiko kwa kiganja.

“Shemasi, rudi ukae,” akasema. “Pasta, fumbua macho. Huyu anaitwa Kanini. Nani anaanza?”